Nusu Lita

Ilianza kwa kukohoa.
Moshi mweupe, si ule mweusi niliouzoea,
tuk, tuk, kimya, tuk,
kisha mkanda ukasimama, bomba likatema tone moja
na punda kumi na wawili wenye madumu matupu
wakanigeuzia masikio.

Nikafungua koki chini ya chujio.
Ndani ya kikombe cha kioo vitu viwili vimelala bila kugusana:
juu dizeli, rangi ya chai kavu,
chini maji.

Maji. Hapa Kigwe,
ambapo mtoto hunawa kwa kikombe
na alichonawia hupewa kuku.
Tunayafuata mita tisini chini ya mwamba,
tunayachangia shilingi hamsini kila dumu,
kumbe yamejifungia ndani ya tangi la mafuta,
yanatunyima maji.

Kikao cha kamati hakikuchukua muda.
"Ndahani ametuchanganyia," katibu alisema,
"asilete mafuta tena, na ya mwezi huu asilipwe."
Ndahani ni kaka yangu, tumbo moja.
Wakanitazama. Nikatazama kucha zangu,
nyeusi kama kila siku,
nikanyamaza.

Damu, wanasema, ni nzito kuliko maji.
Mimi wa mashine najua na hili:
maji ni mazito kuliko dizeli.
Yape usiku mmoja bila kuyatikisa
yatashuka yenyewe, yakae chini,
yaseme yalikotoka.

Nikajaza chupa ya soda kutoka sakafu ya pipa,
nikaiacha dirishani, nikalala kidogo.
Alfajiri: dizeli juu,
katikati utando mweusi unaovutika kama mlenda wa jana,
chini maji,
na chini ya maji vumbi jekundu, laini,
lile la bati la kibanda changu.

Desemba tuliomba mvua wiki tatu, kanisani na nyumbani.
Ikaja usiku mmoja, ikapiga bati, ikaondoka.
Nilicheka kitandani peke yangu.
Nje pipa lilikuwa wima chini ya mchirizi,
limeungua jua mchana kutwa.
Mvua ikajaa juu ya mfuniko kama mchuzi kwenye sahani,
chuma kikapoa, pipa likavuta pumzi,
likameza kilichokuwa mdomoni
kupitia kizibo kisicho na mpira tangu Septemba.

"Lilaze," Ndahani aliniambia siku analiteremsha.
"Kesho," nilisema.

Nimemwaga. Nimesugua tangi kwa kitambaa cha kanga,
nimechuja yaliyobaki mara mbili, nimefunga chujio jipya,
nimelegeza nati ya nozeli
na kupampu kwa kidole gumba, povu, povu, povu,
mpaka dizeli ikaja safi, bila kiputo.
Saa nne mashine ikashika.
Punda hawakusubiri kuambiwa.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya nimeyazoa yote, nusu lita,
hayafai kunywa, hayafai mche wa mzabibu,
nikayabeba mpaka ofisi ya kijiji
na kuyaweka juu ya daftari la mapato.

Mwenyekiti akainua chupa kwenye mwanga.
"Hii nini?"
"Mvua ya Desemba," nikasema.
"Na pipa nililisimamisha mimi."
Katibu akafuta mstari kwa rula, polepole,
kana kwamba wino una bei.

Jioni Ndahani alipita. Hakushuka kwenye pikipiki.
Hakuuliza kwa nini siku ile nilinyamaza,
nami sikuwa na jibu lisilo na maji ndani yake.
Alinirushia kitu kilichofungwa kwenye gazeti:
duara la mpira, limekatwa kwenye tyubu ya baiskeli
kwa mkasi butu,
saizi ya kizibo.